Kujitolea kutunza farasi waliookolewa hapa Nairobi: mwongozo wa mtu anayeanza kabisa

Maswali ni yale yale kila wiki. Nitapanda farasi? Lazima niwe na ujuzi? Nalipwa? Naeza kuja na watoto Jumamosi wapige picha? Sasa wacha niandike yote hapa mara moja, mtu akiuliza tena namtumia hii.

Majibu ya haraka kwanza. Hupandi. Wengi wa hawa farasi hawapandwi na mtu yeyote, wengine migongo iliisha, wengine miguu, na hata yule anayeonekana mzima hukujia kumpanda, ulikuja kumhudumia. Ujuzi si lazima, kuskia unachoambiwa ndio lazima. Hulipwi, na nauli ni yako. Watoto inategemea kituo, uliza kabla hujawatoa nyumbani, usiwafikishe hadi geti ndio uanze kubembeleza askari.

Na kama picha uliyo nayo kichwani ni wewe unamlisha farasi karoti jua likitua, pole. Sehemu kubwa ya kazi ni mavi. Farasi mmoja anatoa kilo 20 na zaidi kwa siku na hayo mavi hayajizoi. Inayobaki ni kubeba maji, kubeba nyasi, kupiga brashi, na kusimama tu ukiangalia mnyama anavyopumua. Mimi naipenda hii kazi sana lakini lazima mtu aambiwe ukweli mapema, manake wengi wanakuja wikendi ya kwanza kwa mbio na ya pili hawaonekani.

Hawa farasi wanatoka wapi? Wengine walikimbia pale Ngong Racecourse wakazeeka ama wakaumia. Wengine ni wale wa kupandisha watoto kwa bustani na kwa maonyesho, wamezungushwa hadi mbavu zikatoka. Wengine mwenyewe alihama nchi ama pesa ziliisha. Mara nyingi utapata pia punda kwa kituo hicho hicho, wale wa mikokoteni ya maji, na karibu kila kitu kwa huu mwongozo kinawahusu pia.

KABLA HUJAANZA

Chagua kituo vizuri. Kikundi cha kijamii cha kweli kina cheti cha usajili na hakiogopi kukuonyesha, kina daktari wa mifugo anayejulikana (daktari wa kweli amesajiliwa na Kenya Veterinary Board), na ukitaka kuchanga pesa unatuma kwa paybill ama till yenye jina la kikundi, si kwa namba ya mtu binafsi. Ukiambiwa ulipe pesa nyingi ati ndio uruhusiwe kuzoa mavi, uliza pesa ni za nini. Kuna vituo vinaomba mchango mdogo wa nyasi na hiyo ni sawa kabisa, beli ya Boma Rhodes si bure na kiangazi bei inaruka. Kama hujui uanzie wapi, KSPCA kule Karen, Langata Road, wako kwa hii kazi ya wanyama tangu 1910, watakuelekeza.

Alafu hakikisha una hivi:

- Chanjo ya pepopunda. Hii si ya kujadiliana. Vijidudu vyake viko kwa udongo na kwa mavi ya farasi, na kwa banda kila siku kuna msumari ama waya wa kukukwaruza. Kama hukumbuki ulichomwa lini, enda zahanati kabla.
- Viatu vilivyofunika mguu wote. Gambuti ni poa kwa matope, buti ngumu ya ngozi ni poa zaidi. Crocs na sandali utarudishwa kwa geti. Farasi ana kilo 400 hadi 500, akikukanyaga hajui amekukanyaga.
- Suruali ndefu na nguo isiyopepea. Julai na Agosti baridi ya Karen asubuhi si mchezo, vaa jaketi lakini ifunge zipu, jaketi wazi ikipigwa na upepo inashtua mnyama.
- Glavu za kazi, zile za mkono wa ngozi ama kitambaa kizito.
- Helmeti. Vituo vingi wanazo. Usibebe ya bodaboda, inaziba maskio na inakuzuia kuona kando, na hapa unahitaji kuskia na kuona kuliko kitu kingine.
- Maji yako ya kunywa na kitu cha kula.

Vitu vya kuacha nyumbani: hereni za kuning'inia, pete, skafu ndefu, mbwa wako, na ile foni ya kuingia live TikTok. Foni beba tu lakini ikae mfukoni. Kuna farasi kesi zao bado ziko kortini chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na picha moja unayoposti ukiandika farasi yuko wapi inaweza kuleta mwenyewe na vijana hapo usiku. Uliza ruhusa ya picha kila mara.

Kama una asthma, una mzio wa vumbi la nyasi, una mimba ama mgongo ni mbovu, sema siku ya kwanza. Hutafukuzwa, utapewa kazi inayokufaa.

HATUA

1. Piga simu, chagua siku moja, ushikilie hiyo siku

Usitokee tu. Piga simu, uliza zamu zinaanza saa ngapi (nyingi ni mapema, saa moja asubuhi ama kabla), alafu chagua siku moja kwa wiki ambayo unaweza kweli. Afadhali useme Jumamosi mbili kwa mwezi na uje zote kuliko kuahidi kila siku na upotee. Saisi (yule mtunza farasi wa kituo) anapanga kazi akijua uko, usipokuja farasi fulani hatatolewa nje hiyo siku. Farasi aliyeteswa pia anajifunza watu kwa kuwarudia, kila wikendi akiona sura mpya anaanza tena mwanzo.

Ukitoka tao, matatu za 24 zinaenda Karen kupitia Langata Road, na 111 za Ngong zinapitia Ngong Road. Mvua ikinyesha toka mapema na uwe na nauli ya ziada, si nikuelezee, unajua.

2. Ripoti kwa saisi, si kwa farasi

Ukifika, kwanza msalimie saisi, yule mzee ama kijana anayelala pale na hao wanyama. Wengi wao wamefanya hii kazi tangu utotoni, hawana vyeti vya kuonyesha, na wanajua farasi kuliko video zote ulizoangalia. Mwambie "Shikamoo mzee" ama "Habari ya asubuhi", jitambulishe, uliza leo nani haguswi. Kosa kubwa la watu wa ofisini ni kuja na kumwamrisha saisi kama mfanyakazi wao. Pale wewe ndio mfanyakazi.

Kanyaga kwa ile beseni ya dawa hapo mlangoni, osha mikono. Kama umetoka kwa farasi wengine hiyo wiki, sema.

3. Angalia kabla ya kugusa

Soma ubao. Kila banda linafaa kuwa na jina la farasi, chakula chake, dawa, na onyo kama anapiga mateke ama anauma. Kama hakuna ubao uliza.

Alafu simama nje ya banda dakika mbili umtazame. Masikio yako wapi? Yakielekea kwako, anakuskiza. Yakilala nyuma kabisa yamebana shingo, rudi. Mguu mmoja wa nyuma umepumzika kidogo ni kawaida, lakini mguu wa mbele ukipumzishwa kwa mbele ujue kuna maumivu. Hesabu pumzi kwa kuangalia ubavu ukipanda na kushuka: farasi mzima akiwa ametulia anapumua mara 8 hadi 16 kwa dakika. Amekula nyasi ya usiku? Kuna mavi mapya? Hayo mawili pekee yanakuambia mengi, banda lisilo na mavi asubuhi si bahati yako ya kupunguziwa kazi, ni habari ya kumpelekea saisi mbio.

4. Kumkaribia

Farasi anaona karibu pande zote isipokuwa sehemu mbili, nyuma yake kabisa na mbele ya paji la uso karibu sana. Kwa hivyo usitokee nyuma na usimkimbilie uso kwa uso ukitaka kumpapasa pua. Elekea bega lake la kushoto, pole pole lakini usinyate, na uwe ukiongea. Ongea chochote, habari za fulana yako ukitaka, kitu muhimu ni sauti ya chini ajue uko wapi.

Ukifika, gusa bega ama shingo kwanza. Kupiga piga kofi kama unamsifu ng'ombe hapana, sugua. Ikibidi upite nyuma yake, ama upite mbali kabisa mguu usikufikie, ama upite karibu sana umemgusa matakoni mkono ukiteleza naye. Ile katikati ndio watu wanavunjikia mbavu.

Farasi aliyepigwa huogopa vitu usivyofikiria. Wengine ni ufagio ukiinuliwa, wengine kofia, wengine sauti ya mwanaume tu. Usichukulie vibaya, na usijaribu kumwonyesha ati wewe ni tofauti kwa kumng'ang'ania. Akienda kona, toka.

5. Kumfunga, kumwongoza, kumwachilia

Ule mkanda wa kichwani saisi atakufundisha kuvalisha, kwa maneno haieleweki. Mimi nakupa tu zile sheria ambazo zikivunjwa mtu anaumia:

Kamba haizungushwi mkononi. Hata mara moja. Ikunje nane nane uishike katikati, ili farasi akiruka ichomoke bila kuenda na vidole vyako.

Tembea kando ya bega lake, si mbele yake na kamba kama unavuta mkokoteni. Akisimama usimkazie macho na kumvuta, yeye ana nguvu kukuzidi, mgeuze kidogo upande mmoja hatua itoke.

Ukimfunga, funga kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, juu usawa wa macho yake, na si kwa mlango ama kitu kinachoweza kung'oka.

Na kumwachilia kwa padoki (ule uwanja wenye fensi), hapa wageni wengi wanakosea. Wanafungua geti, wanatoa mkanda farasi akiangalia uwanja, farasi anatoka mbio na furaha na kwato za nyuma zinapita usawa wa uso wa mtu. Ingia naye ndani, funga geti, mgeuze akuangalie wewe na geti, ndio utoe mkanda, alafu wewe ndio unarudi nyuma wa kwanza.

6. Kuzoa banda

Toa farasi nje kwanza. Usifanye kazi na uma wa chuma ukiwa umebanwa kona moja na mnyama.

Chukua wilbaro, uiweke mlangoni ikiangalia nje. Anza na mavi yanayoonekana, alafu tafuta ile sehemu iliyolowa mkojo, toa yote hadi sakafu, uiache ikauke kabla ya kurudishia maranda. Ukiinama na macho yanawasha, bado kuna mkojo, na kama inakuwasha wewe uliyeingia dakika kumi fikiria yeye anayelala hapo. Maranda mapya yapitishe mkono wenye glavu kabla ya kumwaga, yakitoka kwa karakana ya seremala huwa na misumari. Mavi yanaenda kwa rundo la mbolea, na kwa vituo vingi watu wa sukuma wiki wanakuja kuyachukua, kwa hivyo usichanganye na karatasi za nailoni na kamba za beli.

Zile kamba za beli kusanya zote. Farasi akimeza ni shida, zikimfunga mguu ni shida.

7. Maji na nyasi

Farasi anakunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, zaidi kukiwa na jua. Osha ndoo kwa brashi, usiongezee tu maji juu ya yale ya jana yenye ute. Andika umejaza ngapi na zimebaki ngapi.

Nyasi: fungua beli, ivute vipande, inuse. Ikinuka kama nguo zilizolala na maji, ikitoa vumbi jeupe ama jeusi, weka kando uonyeshe saisi. Ng'ombe anaweza kuvumilia kidogo, farasi havumilii, na jambo la kukumbuka maisha yako yote ni kwamba farasi hawezi kutapika. Kikiingia kibaya kimeingia.

Usimpe kitu kutoka nje. Majani ya mparachichi ni sumu kwa farasi, lantana ile ya ua inayomea kila fensi ya Nairobi ni sumu, na nyasi iliyokatwa na mashine ya bustani inachacha haraka ikimezwa tumboni. Majirani wenye roho safi ndio wanaleta hizo gunia za takataka ya bustani juu ya fensi. Washukuru, uzichukue, uzitupe.

8. Farasi aliyekonda: hapa soma mara mbili

Hii ndio sababu kubwa niliamua kuandika. Farasi analetwa mifupa nje, mtu unamwangalia machozi yanakutoka, na kitu cha kwanza mkono unataka kufanya ni kumjazia ndoo ya pumba na molasi. Hiyo ndoo inaweza kumuua.

Iko hivi. Mwili uliokaa njaa wiki nyingi umezoea kuishi kwa mafuta na misuli yake wenyewe. Ukimwaga wanga na sukari ghafla, insulini inapanda, na inavuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwa damu kuziingiza ndani ya seli. Akiba ya hayo madini tayari ilikuwa imeisha. Damu inabaki bila, na moyo na mapafu yanaanza kushindwa. Mara nyingi si siku hiyo hiyo, ni siku ya tatu hadi ya tano, wakati kila mtu anasema ameanza kuchangamka.

Utaratibu unaofuatwa sana ulitoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na unashangaza watu kwa udogo wake: siku tatu za kwanza ni lusani (alfalfa, lile jani la kulisha mifugo) yenye majani, karibu nusu kilo tu kila saa nne, usiku na mchana. Kwa nini lusani? Ina protini na madini na wanga wake ni kidogo. Kuanzia siku ya nne kipimo kinaongezwa polepole na mara za kulisha zinapunguzwa, na ni baada ya siku kama kumi ndio anaanza kuachiwa ale kwa wingi. Nafaka na pumba zinakaa mbali hadi daktari aseme. Kurudi uzito wa kawaida ni miezi mitatu hadi mitano. Namba za farasi wako atazipanga daktari, hizi nimekupa ili uelewe kwa nini ukipewa kifungu kidogo cha lusani na saa ya kulisha unafuata kama dawa.

Kazi yako hapa ni hii: pima kwa mizani (si kwa macho, si kwa huruma), peleka kwa saa iliyoandikwa, simama uone amekula, andika. Akikuangalia na akalia ukiondoka, ondoka. Zamu ya saa nane usiku ndio ngumu kupata watu, ukiwa na gari na unaishi karibu, jitolee hiyo, utapendwa.

Ukiskia watu wakisema "huyu ni mbili, huyu amefika nne", wanaongea juu ya vipimo vya Henneke vya mwaka 1983, moja ni mifupa tupu na tisa ni unene wa kupindukia. Tano ndio inatafutwa: mbavu hazionekani lakini ukipitisha mkono unazihisi. Gusa kwa mkono, usiamini macho, manyoya marefu ya msimu wa baridi na tumbo la minyoo vinadanganya.

9. Brashi

Anza shingoni upande wa kushoto ukienda nyuma. Brashi ya raba kwa miduara pale penye nyama tu, brashi laini kwa uso, miguu na pale mifupa imetokeza. Kwa farasi mwembamba tumia mkono ama kitambaa, ngozi yake inauma. Ukipiga brashi unatafuta pia: kupe (angalia ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya miguu), vidonda, joto, uvimbe. Ukiona mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya usiguse na mkono mtupu, choa inakupata hata wewe, na brashi hiyo isiende kwa farasi mwingine.

10. Kwato

Usifanye peke yako mara za kwanza. Simama kando ya bega ukiangalia mkia, teremsha mkono kwa mguu hadi chini, bana kidogo nyuma juu ya kwato, useme "mguu". Akiinua, shika, chokora kutoka kisigino kuelekea kidole, uchafu utoke. Ile sehemu laini ya pembe tatu katikati usiichome. Ikinuka vibaya na kuna uji mweusi, imeoza na unyevu, mwambie saisi. Usipige magoti wala kukaa chini, chuchumaa tu, uwe tayari kuruka. Kukata kwato ni kazi ya fundi, anakuja kila wiki sita hadi nane, wewe usiguse na kisu.

11. Kabla ya kuondoka

Hesabu vifaa, funga mageti (vuta kila moja uhakikishe), andika kwa kitabu: nani amekula, nani amekunywa, nani amekohoa. Andika hata kama inaonekana ni kitu kidogo. "Amebakisha nyasi nusu" ni sentensi inayoweza kumfanya daktari aje usiku huo badala ya kesho kutwa. Kunawa mikono na sabuni hadi kwa kiwiko, alafu ndio chai na mandazi na kina saisi, na hiyo chai usiikose, nusu ya ninachojua nilikiskia hapo.

IKITOKEA HIVI

Anapiga ardhi na mguu, anageuka kuangalia tumbo, anajaribu kulala na kubingirika, amekataa chakula. Tumbo linamuuma na inaweza kuwa mbaya haraka. Toa chakula chote, ita saisi, piga simu kwa daktari sasa hivi. Mtembeze polepole kama anataka kujirusha chini na kama ni salama kwako. Usimmiminie kitu mdomoni, si soda, si mafuta ya kupika, si mitishamba ya chupa, inaingia kwa mapafu.

Chakula na mate vinatoka puani, ananyoosha shingo na kukohoa. Amekwamwa na chakula kwa koo. Ondoa chakula na maji, muache kichwa kiwe chini, ita daktari. Usisukume kitu.

Amesimama kama ameegemea nyuma, hataki kutembea, kwato ni moto. Usimlazimishe hatua hata moja. Uliza kama amefikia stoo ya nafaka usiku.

Homa, na vile vishimo juu ya macho vimejaa vikavimba, ama povu linatoka puani. Hii ni dharura, inaweza kuwa ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaosambazwa na wadudu wadogo wanaouma kuanzia jioni hadi alfajiri, hasa wakati wa mvua. Pundamilia wanaubeba bila kuonekana wagonjwa. Ndio maana vituo vinaingiza farasi ndani kabla ya giza na kuna chanjo, ukiambiwa saa kumi na moja jioni wote ndani, ni wote ndani. Joto la kawaida ni kati ya 37.5 na 38.5.

Msumari umeingia kwa kwato. Usiung'oe. Daktari anahitaji kuona umeenda upande gani na umefika wapi. Mzuie asiukanyage zaidi, ita watu.

Amekanyaga mguu wako na amesimama. Usivute. Sukuma bega lake kwa nguvu ahamishe uzito, mguu utatoka. Alafu vua kiatu uangalie, usijifanye ngumu.

Amechomoka geti liko wazi. Usimkimbize, ukimkimbiza unamfukuza. Funga geti la barabarani kwanza, alafu ndoo yenye nyasi kidogo, itikise, ngoja.

Amekuuma ama amekupiga. Sema, hata kama ni kidogo, iandikwe. Osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, enda hospitali, waambie ni mnyama. Kichaa cha mbwa kinashika farasi na punda pia.

Unaogopa. Ni sawa, wengi wanaanza hivyo. Omba kazi za nje ya banda mwezi wa kwanza: maji, mabeli, kuosha ndoo, kutengeneza fensi, hesabu za stoo. Kuna watu wamekaa miaka hapo kwa stoo na hakuna siku wameshika kamba, na kituo hakiwezi kwenda bila wao.

Huwezi kuja zamu yako. Tuma ujumbe usiku uliotangulia, si saa moja asubuhi ukiwa kwa jam ya Dagoretti Corner, na kama unaweza mtafute wa kukushikia, umpe namba ya saisi.